Ninunue amplifaya ya wati 1000? Jibu kwa mpiga besi wa Dodoma anayepotea akipiga nje

"Shikamoo fundi. Mimi napiga besi kwenye bendi hapa Dodoma, Ijumaa na Jumamosi tupo kwenye gadeni moja huku Kisasa, Jumapili napiga kanisani, katikati ya wiki nikipata deiwaka ya harusi naenda. Shida yangu ni kwamba ukumbini na kanisani besi inavuma mpaka vioo vinatetemeka, watu wanalalamika, ila tukiwa gadeni inapotea kabisa. Mi mwenyewe stejini najisikia vizuri tu lakini washkaji wanaokaa meza za nyuma wanasema wanasikia drams na solo basi. Gitaa langu lina nyuzi nne, amplifaya ni ya wati 300 na kabineti moja ya inchi 15. Fundi mmoja kaniambia Dodoma upepo unabeba besi, ninunue ya wati 1000 na spika ya inchi 18. Nimeshajichanga milioni moja na laki nane. Ninunue? Alafu siku hizi nikitoka shoo masikio yanapiga filimbi mpaka asubuhi, nahisi ni kwa sababu ya kukazana kuongeza sauti."

Marahaba mdogo wangu. Jibu la haraka ni hapana, usinunue, angalau sio sasa hivi na sio kwa sababu ulizopewa. Hilo la masikio ndo limenishtua kuliko la besi, nitalifikia huko chini, usiache kusoma njiani.

Swali lako lenyewe lina jibu ndani yake ukiliangalia vizuri. Amplifaya ni hiyo hiyo, mkono ni huo huo, gitaa ni hilo hilo, Jumapili besi imezidi na Ijumaa haipo. Kama shida ingekuwa wati basi hata kanisani ungekosa sauti. Kinachobadilika ni sehemu, yani kuta.

Ule uzi wako mzito kuliko wote, E, ukiupiga wazi unatikisika kama mara 41 kwa sekunde. Sauti kwenye hewa inakimbia kama mita 343 kwa sekunde, ukigawanya unapata wimbi moja lenye urefu wa mita 8 na kidogo, kwa hiyo hilo wimbi ni refu kuliko chumba cha kulala cha mtu yeyote unayemjua. Ndani ya ukumbi linagonga ukuta linarudi, linagonga dari linarudi, linakutana na mwenzake anayekuja, na pale vipimo vya ukumbi vinapoendana na urefu wa wimbi noti inavimba. Ndo maana kanisani utakuta noti moja tu, labda G au A, inatetemesha vioo halafu ya jirani yake inakuwa ya kawaida au inakufa kabisa. Ukumbi unakupigia besi ambayo we hujaipiga.

Gadeni hakuna ukuta wala dari. Wimbi likitoka limetoka, halirudi. Kila umbali unapozidi mara mbili unapoteza kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo kutoka mita 1 mbele ya kabineti yako mpaka meza iliyo mita 16 umeshapoteza desibeli 24, hiyo ni nyingi sana. Tena sauti nzito hazina uelekeo, spika ya solo inarusha sauti yake mbele kuelekea kwenye meza lakini besi inasambaa pande zote, mbele, pembeni na nyuma, ndo unakuta mchoma nyama aliyeko nyuma ya steji anaifaidi besi yako kuliko mteja aliyelipa kiingilio. We nawe umesimama mita moja kutoka kwenye kabineti ndo maana unajisikia vizuri tu.

Upepo sasa. Huyo fundi simlaumu, Dodoma kweli ina upepo na hasa kiangazi vumbi linatufundisha adabu, lakini kwa umbali wa meza za gadeni upepo hauondoi besi. Upepo unapinda njia ya sauti, na zinazoumia zaidi ni zile nyembamba, utasikia sauti ya muimbaji na matoazi vinakuja na kuondoka upepo ukivuma kwa vipindi. Kuna jambo jingine la hewa ya huku ambalo ni kweli na watu hawalisemi: mchana ardhi inakuwa ya moto, hewa ya chini inakuwa ya moto kuliko ya juu na sauti inapindia juu inakwenda zake, ila usiku kwa vile anga letu ni kavu na halina mawingu ardhi inapoa haraka, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu na sauti inapinda kurudi chini, inatambaa mbali. Ndo hapo mtu wa mtaa wa pili anakulaani usiku kucha kwa dundu dundu wakati meza ya nyuma inasema haikusikii. Wote wawili wanasema kweli. Yule wa mtaa wa pili anaisikia besi kwa sababu vingine vyote vimeshakufia njiani na kwenye kuta za nyumba yake, imebaki besi peke yake kwenye usiku mtulivu. Meza ya nyuma inasikia kila kitu kwa pamoja na besi imefunikwa. Kwa hiyo ukiongeza wati utampata zaidi jirani kuliko mteja, na malalamiko yakifika kwa watu wa mazingira mwenye gadeni hatawafukuza majirani, atawafukuza nyie.

Tuje kwenye wati zenyewe. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu. Kutoka 300 kwenda 1000 ni desibeli 5 na kidogo, unaisikia ndiyo, lakini sio ile ya kusema jamani kimeingia chombo. Ili sikio la mtu liseme hii ni kubwa mara mbili ya ile unahitaji kama desibeli 10, yani wati mara kumi, na hapo tunaongelea 3000. Milioni moja na laki nane kwa desibeli 5, mi naona ni biashara mbaya.

Halafu inawezekana hata hizo 300 huzipati. Geuza amplifaya uangalie pale kwenye tundu la spika pameandikwa nini, nyingi zinasema wati 300 kwa omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika), halafu angalia nyuma ya kabineti yako, kabineti moja ya inchi 15 mara nyingi ni omu 8. Kama ni hivyo basi unapata labda 150 mpaka 200 na hizo zingine zimelala ndani. Ukiongeza kabineti ya pili ya omu 8 zikiungwa sambamba zinakuwa omu 4, amplifaya inatoa nguvu yake yote na koni zinazosukuma hewa zinakuwa mbili, kwa pamoja unaweza kupata desibeli kama 5 mpaka 6 bila kubadilisha amplifaya. Ila usishuke chini ya omu zilizoandikwa, ukitundika kabineti ya tatu kwa tamaa utaiunguza. Na waya wa kutoka amplifaya kwenda kabineti uwe waya wa spika, sio ule wa gitaa, najua jeki zinafanana na zinaingia vizuri tu lakini wa gitaa ndani ni mwembamba, unapata moto.

Kuhusu inchi 18, ukubwa wa koni peke yake haukuambii kitu. Cha kuangalia ni ile namba ya desibeli kwa wati 1 kwa mita 1, kabineti yenye 98 inaishinda yenye 94 kwa desibeli 4, ni sawa na kuzidisha wati mara mbili na nusu bure. Kuna inchi 10 mbili zinazoizima inchi 18 mbovu. Na kwa mtu wa deiwaka kama wewe fikiria pia bajaji, hilo dude la 18 utalibeba na nani saa nane usiku.

Sasa swali langu kwako, nobu zako zimekaaje? Maana kila nikiitwa kuangalia besi iliyopotea nje nakuta kitu kile kile, nobu ya besi imejazwa mpaka mwisho, midi (sauti za kati) imekatwa, trebo (sauti nyembamba) imepandishwa kidogo ili isikike ile chaka chaka. Najua inapotoka. Nyumbani unapiga peke yako kwa sauti ndogo, na sikio la binadamu kwa sauti ndogo halisikii vizuri sauti nzito, kwa hiyo unaongeza besi mpaka ikae tamu, unakata midi kwa sababu peke yake inakera, unasema hapa hapa. Halafu unaibeba tamu hiyo hiyo unaipeleka Kisasa nje kwenye drams na magitaa mawili na kinanda.

Kujaza nobu ya besi kuna gharama ambayo haionekani. Ukiongeza desibeli 12 pale chini unaiomba amplifaya wati mara 16 kwa zile noti nzito. Haina. Na koni ili itoe sauti ile ile kwa noti ya oktavu moja chini inabidi iende mbele na nyuma mara nne zaidi, kwa hiyo inafika mwisho wa safari yake, sauti inakuwa uji, na nguvu yote imeishia kusukuma kitu ambacho pale nje hakifiki meza ya pili. We unafikiri amplifaya ni ndogo kumbe umeitwisha mzigo usio wake.

Na cha ajabu ni kwamba mtu wa meza ya nyuma wala haihitaji hiyo 41 ili asikie noti yako ya E. Noti moja ya besi ina ngazi zake juu, 82, 123, 165 na kuendelea, na ubongo ukizipata hizo ngazi unajaza wenyewe ile ya chini iliyokosekana. Chukua simu yako ucheze rekodi yoyote ya rumba kwa spika ya simu yenyewe, kile kispika hakiwezi kutoa 41 hata ukikipiga viboko, lakini unafuata besi vizuri kabisa na noti unazijua. Na mfano wa huku huku kwetu, akina mama wa Kigogo wanapiga muheme nje kweupe, hamna ukuta hamna amplifaya, na kila kipigo unakipata ukiwa mbali, kwa sababu kinachosafiri ni ule mlio wa mkono unapoikuta ngozi, mvumo unafuata nyuma yake.

Kwa hiyo Ijumaa rudisha nobu ya besi katikati, au chini ya katikati kidogo, panda midi. Kama amplifaya yako inakuruhusu kuchagua midi ipi, anzia maeneo ya 400 mpaka 800 (mitikisiko kwa sekunde), nje mimi hupenda karibu na 500. Ukiwa peke yako itasikika vibaya, kama mtu anayeimba ana mafua, usiogope na usiihukumu peke yake. Subiri bendi nzima iingie. Chukua waya mrefu, au mpe mwenzio gitaa apige, we nenda kakae meza ya nyuma kabisa usikilize kama mteja. Huo ndo uamuzi, sio pale ulipozoea kusimama.

Kingine ni mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Bendi nyingi za hotelini na makanisani mpiga kinanda alizoea kupiga peke yake na kwaya kwa hiyo kushoto anajaza besi mwenyewe, na ninyi wawili mkikaa eneo moja hakuna anayesikika, panakuwa na ukungu. Mwambie taratibu, mazoezini, usimwambie stejini mbele za watu hasa kama ni mkubwa kwako: kaka naomba kwenye verse mkono wa kushoto upande oktavu moja au upumzike. Na wewe pia uache nafasi kwa kiki ya drams, ukijaza kila pengo hata ungekuwa na wati elfu kumi utasikika kama ngurumo ya lori. Kwenye chemko, pale wimbo unapochangamka, panda shingo ya gitaa juu kidogo, noti za juu zinabeba nje vizuri na ndo maana wapiga besi wa rumba wanapenda kuzungumza huko.

Lakini suluhisho lenyewe hasa, ambalo ndo ningependa sehemu ndogo ya hela yako iende huko, ni kuingiza besi kwenye mitambo. Gadeni mna miksa na spika za kuimbia? Nunua kiboksi cha DI. Gitaa linaingia kwenye kiboksi, linatoka njia mbili, moja inaenda kwenye amplifaya yako ya stejini ujisikie, nyingine inaenda kwa waya wa maiki mpaka kwenye miksa, na waya wa namna hiyo haukusanyi kelele hata ukiwa mrefu. Kikianza kuunguruma ile hmmmm ya umeme kuna kiswichi cha kukata ethi ya ile njia ya ishara, bonyeza hicho. Kama mitambo ina sabufa basi umemaliza kazi, kabineti yako inarudi kuwa ya kwako tu na unaweza hata kuishusha. Kama hamna sabufa, mwambie fundi mitambo akate chini ya 80 au 100 kwenye laini ya besi ili zile spika za juu zisijisumbue na noti zisizoziweza, wateja watapata midi yako kutoka kwenye mitambo na uzito kidogo kutoka kwa kabineti. Na maiki zote za kuimba zikatwe chini hapo hapo, zinaokota uchafu mwingi wa steji.

Kabineti nje iweke chini kabisa kwenye sakafu na mgongo wake uwe karibu na ukuta kama upo, hata ukuta wa baa, maana ukuta na sakafu vinarudisha mbele kile kilichokuwa kinaenda kwa mchoma nyama. Kanisani fanya kinyume, iondoe kwenye kona, kama steji ni ya mbao yenye uwazi chini weka kipande cha godoro chini ya kabineti ili ubao usigeuke ngoma, itafute ile noti inayovimba uikate kwenye ekwalaiza. Kanisa kushtakia besi kubwa ni kitu cha kutatua kwa kupunguza, basi.

Nyuzi zako zina umri gani? Mpya zina midi na trebo yenyewe, kabla ya kununua chochote badilisha nyuzi. Na nobu zikikwaruza ni vumbi letu, dawa ya kusafishia kontakti inatosha. Kama kuanzia Julai nyuzi zimeanza kugonga freti wakati masika hazikugonga, shingo imekauka ikanyooka kupita kiasi, mpelekee fundi wa magitaa anayejua ile fimbo ya ndani, usiizungushe mwenyewe kwa kubahatisha.

Ikiwa umeshafanya hayo yote na gadeni kweli hamna mitambo ya maana, basi nunua kabineti ya pili kama niliyokueleza, hapo sitakupinga. Amplifaya ya 1000 iwe ya mwisho, siku utakapoanza kulipwa hela ya viwanja.

Umeme kidogo. Kama mnatumia jenereta na taa zinafifia drams zikikazana, amplifaya yako nayo inadhoofika, hiyo ni ya mwenye gadeni kurekebisha. Ila ukigusa nyuzi huku mdomo uko karibu na maiki ukahisi inakuuma au kuwasha, hata kidogo, acha kupiga. Umeme wetu ni wa volti 230, unaua. Usikate ile pini ya ethi kwenye plagi ili kuondoa mngurumo, nimeona mafundi wanafanya na ni ujinga. Aitwe fundi umeme apime ethi ya pale kabla hamjarudi kupiga, na mwenye gadeni akikataa msipige.

Masikio. Filimbi mpaka asubuhi ni dalili kwamba zile seli za ndani ya sikio zenye vinywele zimepigwa kupita kiasi. Zikifa hazioti tena. Kipimo kinachotumika sana kwenye kinga ya wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila ukiongeza desibeli 3 muda unagawanywa kwa mbili, kwa hiyo kwenye 100 una dakika 15 tu, na nyie mnapiga seti za saa nzima. Ila unakosea ukifikiri ni besi yako. Umesimama karibu na hai-hati na matoazi, mara nyingi sikio moja limeelekea huko, na sauti nyembamba zile ndo zinaumiza zaidi. Kukazana kwako kunachangia kwa njia nyingine: we ukipanda, solo anapanda, dramma anakaza mkono, moniter zinapandishwa, ndani ya nusu saa mnapigana. Ukiweka midi utajisikia kwa sauti ndogo na vita vitaisha. Iinamishe kabineti ielekee kichwani badala ya magotini, hata hilo linasaidia kujisikia.

Nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki, vile vinavyopunguza sauti zote kwa usawa. Vya sponji ni bora kuliko hakuna, vinakula trebo lakini vinakinga. Pamba haikingi kitu. Filimbi ikizidi siku mbili, au ikiwa sikio moja tu, au sauti za watu zikianza kusikika kwa mbali, nenda hospitali ya Benjamin Mkapa au General ukaonane na daktari wa masikio, pua na koo, akupime usikivu. Na ukiamka siku sikio moja limezima ghafla nenda siku hiyo hiyo, usisubiri wiki, usimwagie mafuta wala dawa ya jirani, maana matibabu ya hilo yana siku chache sana za kufanya kazi.

Fanya Ijumaa hii: nobu, mahali pa kabineti, mkono wa kushoto wa kinanda, na uazime DI kwa mtu kabla hujanunua ya kwako. Meza za nyuma zikiendelea kulalamika nitumie picha ya nyuma ya amplifaya na ya kabineti, pale palipoandikwa omu paonekane vizuri, ndo tuongelee kabineti ya pili ya kuendana na hiyo.